Namba Zilizofanana

Kisa hiki nimekitunga. Fundi wake hana jina, zahanati yake haipo kwenye ramani, na mzee atakayeingia baadaye sikumchora kutoka kwa mtu yeyote. Za kweli ni namba za vifaa, mpangilio wa miguu yao na volti zao, na mwenye mita na karatasi ya vipimo ya kiwanda anaweza kuzihakiki moja baada ya nyingine. Nimepita njia hii kwa kuwa makosa ya aina hii mara chache huandikwa. Fundi aliyekosea huifungua bodi usiku, hubadilisha kifaa, na asubuhi hakuna anayejua kilichotokea. Mwaka unaofuata mwenzake wa mtaa wa pili hulirudia kosa lile lile.

Fundi wetu alikuwa Gerezani, Dar es Salaam, na alinunua sanduku zima la vipuri kwa bei ya kilo. Lilishuka na kontena la mitumba ya umeme kutoka Dubai, na muuzaji hakujua lolote kulihusu zaidi ya uzito wake. Ndani mlikuwa na mirija ya plastiki iliyojaa aisii, mifuko ya rangi ya fedha ya kuzuia umeme tuli, bahasha za khaki zenye namba ndefu za jeshi, na mfuko mmoja mnene wa transista ndogo nyeusi.

Watu huita vitu hivyo takataka, na ninapinga kwa moyo wote. Kiwanda kikiacha kutengeneza mashine fulani, vifaa vilivyobaki ghalani huuzwa kwa uzito. Jeshi likibadilisha redio zake, vipuri vya redio za zamani hupelekwa mnadani. Vifaa vyenyewe ni vipya, havijawahi kuguswa na risasi ya kulehemu, na mara nyingi ni bora kuliko vilivyopangwa dukani leo. Kwa mtu anayetengeneza mashine zenye umri wa miaka thelathini, transista iliyokwisha kuacha kuzalishwa hupatikana huko tu. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza. Imebaki namba iliyochapwa mgongoni mwa kifaa, na namba hizo hazikutungwa na mtu mmoja wala kwa kanuni moja.

Kijana wa kibandani ndiye aliyekaa na sanduku. Alikuwa na macho makali na subira ya kuchambua mchele, na baada ya siku chache akawa anasoma migongo ya vifaa bila kuuliza. Alijua kwamba transista iliyoandikwa C1815 jina lake kamili ni 2SC1815, kwa kuwa kanuni ya Japani huanza na 2S na viwanda huona hakuna haja ya kuichapa mahali padogo namna ile. Alijua kwamba baada ya hiyo 2S, herufi A na B ni za PNP, C na D ni za NPN, na K ni transista za FET. Alijua vifaa vya Ulaya, ambavyo herufi ya kwanza hutaja malighafi, A kwa germani na B kwa silikoni, na ya pili hutaja kazi: C kwa sauti ya nguvu ndogo, D kwa nguvu kubwa, F kwa masafa ya redio. Kanuni hiyo ilisimamiwa na Pro Electron, chombo kilichoanzishwa Brussels mwaka 1966, na ni kanuni yenye hekima kwa sababu jina linakupa habari kabla hujafungua kitabu.

Wamarekani hawakufuata njia hiyo. Kwao 1N ni dayodi na 2N ni transista, na tarakimu zinazofuata ni za foleni ya usajili tu. Ukiambiwa 2N2222 hujaambiwa kasi, hujaambiwa nguvu, hujaambiwa hata kama ni NPN au PNP. Lazima ujue, au ufungue karatasi yake.

Kijana alikosea mara moja, na kosa lenyewe lina faida kulieleza. Alikuta mrija wa aisii zenye mistari miwili mgongoni: juu SN7400N, chini 7432. Aliona 7432 imechapwa wazi zaidi, akaziweka kwenye droo ya 7432. Kumbe mstari wa chini ulikuwa tarehe: mwaka 1974, wiki ya 32. Aisii za kundi la 7400 zilienea miaka ile ile ambayo tarakimu mbili za mwaka, 74, zilifanana na tarakimu mbili za mwanzo za jina lao, na tangu hapo tarehe zimekuwa zikisomwa kama majina. Ubaya ni kwamba 7400 na 7432 zina miguu 14 iliyopangwa sawasawa. Umeme unaingia mguu wa 14, ardhi iko mguu wa 7, na milango minne iko mahali pale pale. Ukiiweka moja badala ya nyingine hakuna kitakachoungua wala kutoa moshi. Majibu tu ndiyo yatakuwa mengine: 7432 hutoa volti ya juu ikiwa hata ingizo moja liko juu, ilhali 7400 hutoa ya chini pale tu maingizo yote mawili yako juu. Fundi aliliona kosa hilo mapema, akamwonyesha kijana, na wote wawili wakafurahi kwamba wamejifunza.

Bahasha za khaki ziliwapa kazi zaidi. Namba zake zilikuwa na tarakimu 13, nne za mwanzo zikiwa 5961. Hizo ni namba za ghala zinazotumiwa na majeshi ya nchi za NATO. Tarakimu nne za mwanzo ni kundi la bidhaa, na 5961 ni transista na dayodi. Mbili zinazofuata ni nchi iliyosajili, 00 au 01 kwa Marekani na 99 kwa Uingereza. Zilizobaki ni za bidhaa yenyewe. Namba moja ya ghala inaweza kuwa na namba kadhaa za viwanda nyuma yake, zote zikiwa zimekubaliwa kwa matumizi fulani. Kwa anayetafuta mbadala huo ni msaada mkubwa, ilimradi akumbuke kwamba waliozikubali walikuwa wanafikiria mashine zao.

Kisha kulikuwa na vile vilivyoandikwa 1854 na kistari, na tarakimu nne nyuma yake. Hizo ni namba za ndani za Hewlett-Packard: 1854 kwa transista za NPN, 1853 kwa PNP, 1820 kwa aisii za kidijitali. Tektronix nayo ilikuwa na zake, 151 kwa transista na 156 kwa aisii. Orodha za kuzigeuza kuwa namba za kawaida zipo na zimesambaa. Fundi mwangalifu atajiuliza kwa nini kampuni ijisumbue kumpa jina jipya mtoto wa mwenzake. Mara nyingine ni utaratibu wa ghala tu. Mara nyingine kampuni ilinunua transista za kawaida, ikazipima, ikachukua zenye ukuzaji wa juu au zinazolingana mbili mbili, na hizo tu ndizo zikapata namba ya ndani. Orodha itakwambia ni transista fulani ya kawaida. Haitakwambia kwamba ilichaguliwa kati ya nyingi.

Sasa tuje kwenye daftari. Fundi alikuwa na daftari la mbadala alilolijaza kwa miaka mingi, akinakili kutoka fotokopi za vitabu vya Marekani, vile vya ECG na NTE. Ukurasa uligawanywa kwa mstari wa katikati: kushoto namba ya kifaa kilichoungua, kulia namba ya kuziba pengo. Lilikuwa daftari linalotegemewa, na mafundi wa vibanda jirani walikuja kuuliza.

Vitabu hivyo viliandikwa na wauzaji wa vifaa vya badala. Kazi yao ilikuwa kuzichukua namba za dunia, mamia ya maelfu, na kuziingiza katika namba zao wenyewe, maelfu machache. Kazi hiyo haifanyiki bila kulegeza kitu. Mwandishi wa kitabu huangalia kama ni NPN au PNP, volti ya juu kabisa, mkondo wa juu kabisa, wati na umbo, na akiona vinalingana anaandika. Bodi yako hajaiona. Hajui kama inategemea kasi, au utulivu wa sauti, au ukuzaji fulani, au uvumilivu wa joto. Sisemi hayo kwa kuvidharau. Vitabu hivyo vimefufua redio na televisheni nyingi ambazo zingeishia jalalani, na anayevipuuza anajinyima. Lakini vinajibu swali la muuza duka: mteja huyu nimpe nini? Bodi ina swali lake, nalo halimo kitabuni.

Tena vitabu vyenyewe vina michoro ya miguu ya kila umbo. Katika daftari michoro haikunakiliwa, kwa sababu inachukua nafasi.

Siku moja ililetwa kadi ya kidhibiti joto ya jokofu la chanjo la zahanati ya kijijini. Jokofu lilikuwa la zamani, la sola, volti 12, na kadi ilikuwa na kazi moja: joto likipanda, transista inaivuta rilei, rilei inawasha kompresa, joto likishuka, transista inaiachia. Aliyeileta alisema jokofu haliwaki na mganga wa zahanati ana haraka. Fundi hakuchukua muda kugundua kwamba transista ya rilei imekufa. Mgongoni ilisomeka PN2222A.

Alikumbuka mfuko mnene wa sanduku la Gerezani.

“Kijana, zile nyeusi za mfukoni zilikuwa namba gani?”

“2222A, fundi. Zote.”

“Angalia vizuri.”

“P, halafu 2N2222A. Ni hizi hizi, fundi. Za Motorola, mpya kabisa.”

Fundi alifungua daftari. 2N2222A, PN2222A na P2N2222A zote zilikuwa mstari mmoja, mbadala mmoja. Akachukua koleo.

2N2222 ilitoka Motorola mwaka 1962, ndani ya kikopo kidogo cha chuma chenye kijino kinachoelekeza mguu wa emita. Ni miongoni mwa transista zilizotumika sana duniani, na ilipofika zamu ya kuivalisha plastiki ili iwe rahisi, kila kiwanda kilipanga miguu kwa namna yake. Shika PN2222A uso bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini: kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. Shika P2N2222A vivyo hivyo: kolekta, besi, emita. Kilichoongezeka kwenye maandishi ni tarakimu moja, 2, kati ya P na N. Ndani ya plastiki tabia ni zile zile: kolekta hadi emita huvumilia volti 40, ukuzaji unazidi 100 kwa mikondo ya kawaida. Ukimtuma mtoto kwa Juma na mtaani kuna akina Juma wawili wenye kimo kimoja na sura moja, hutamlaumu akirudi na majibu ya yule mwingine.

Fundi alilehemu, akakata miguu, akajaribu. Jaribio lake halikuwa la mtu mvivu. Alichukua volti 5 kutoka chaja ya simu, akaweka taa ndogo ya LED mahali pa rilei, akaipa besi amri. Taa ikawaka. Akaiondoa amri. Taa ikazimika. Akarudia mara kadhaa, kila mara sawa. Kadi ikasafiri kurudi kijijini siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu jaribio lile lilipita kwa haki kabisa, na kadi ilikuwa mbovu.

Transista ya NPN iliyogeuzwa, emita mahali pa kolekta na kolekta mahali pa emita, bado ni transista. Ina tabaka tatu zile zile. Inakuza, ila ukuzaji wake huporomoka kutoka zaidi ya mia hadi tarakimu moja au karibu na hapo. LED inataka mkondo mdogo, kwa hiyo ukuzaji huo uliobaki uliitosha. Tatizo la pili ni zito zaidi. Kwa kifaa cha aina hii, karatasi ya vipimo inasema kiungo cha kolekta na besi huvumilia volti 75 za kinyume; kiungo cha emita na besi huvumilia 6 tu. Kikiwa kimewekwa sawa, kiungo hicho dhaifu hakikutani na volti za rilei hata siku moja. Kikiwa kimegeuzwa, ndicho kinachobeba volti zote wakati transista imezimwa. Kwa volti 5 za chaja ya simu kinastahimili, na taa inazimika kama inavyotakiwa. Kwa volti 13 au 14 za betri ya sola mchana, kinavunjika mahali fulani karibu na 7 au 8, na mkondo unapita wakati hakuna aliyeuamuru.

Rilei nayo ina tabia yake. Ya volti 12 huhitaji takriban robo tatu ya volti zake ili ishike, lakini ikishashika haiachii mpaka volti zishuke karibu na moja ya kumi, yaani kama 1.2. Kiungo kilichovunjika kilikuwa kinaiachia koili volti 5 au 6. Hazikutosha kuivuta rilei iliyolala. Zilitosha na kuzidi kuishikilia iliyokwisha kuvutwa.

Basi kule kijijini jokofu liliwaka mara ya kwanza joto lilipopanda, na watu wakafurahi. Joto lilishuka hadi mahali pake. Kadi ikaondoa amri. Rilei haikuachia. Kompresa ikaendelea mchana ule, na usiku wake, na asubuhi iliyofuata.

Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wengi huogopa joto, na ni haki, lakini baridi iliyopita kiasi huharibu baadhi ya chanjo upesi kuliko joto. Ya polio ya matone haiumizwi na kuganda, na unga mkavu wa surua huvumilia. Zinazoharibika ni zile za majimaji zilizoshikamanishwa na chumvi za alumini: ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B, na ile ya pamoja ya magonjwa matano wanayopewa watoto wachanga. Barafu ikijijenga ndani ya kichupa huzisukuma chembe hizo zigandamane, na barafu ikiyeyuka hazirudi kama zilivyokuwa. Kichupa kikishayeyuka unaweza kukitazama kwa jicho la kawaida na usione kasoro, na dawa iliyomo haimkingi mtoto.

Muuguzi alifungua jokofu asubuhi akakuta kipimajoto kiko chini ya sifuri. Alikuwa mtu anayeijua kazi yake. Vichupa vilivyokuwa barafu ngumu alivitenga vyote bila kuvijaribu, kwa kuwa hapo hakuna la kujaribu. Vile ambavyo vilikuwa bado maji, na hakuwa na uhakika navyo, alivifanyia jaribio la kutikisa: kichupa kimoja cha toleo hilo hilo hugandishwa kwa makusudi na kuyeyushwa, kisha hutikiswa sambamba na kile kinachoshukiwa, na vyote viwili huachwa vitulie. Chembe zilizogandamana huzama haraka na kuacha maji mepesi juu. Vingi vya vichupa vyake vilizama sawa na kile kilichogandishwa. Aliripoti wilayani, akafunga jokofu, na siku ya kliniki akasimama mlangoni kuwaambia akina mama waliobeba watoto kutoka vitongoji vya mbali kwamba chanjo ya leo hakuna. Baadhi walikuwa wametoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, na kwa watoto wao ile ilikuwa dozi ya pili au ya tatu, ambayo ina wakati wake.

Kadi ilirudi Gerezani na ujumbe mfupi. Fundi aliipima tena kwa volti 5 na LED. Ilifanya kazi. Aliipima mbele ya aliyeileta, na ilifanya kazi tena, na kwa muda alitaka kuamini kwamba ubovu uko kwenye jokofu. Kinachonifanya nimheshimu ni kwamba hakusema hivyo. Aliichukua kadi na mfuko wa transista, akamfuata mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya simu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba fundi. Naona umekuja na bodi, hukuja na habari.”

“Habari iko ndani ya bodi, mzee. Imenishinda.”

Mzee alisikiliza kisa chote bila kukatiza. Kisha akauliza kama rilei yenyewe ilijaribiwa, kwa betri yenyewe, na kama kuna aliyesubiri kuisikia ikiachia. Fundi akanyamaza. Mzee akachomoa transista moja mfukoni, akaiweka kwenye tundu la mita linalopima ukuzaji, miguu ikifuata mpangilio wa PN2222A. Mita ikasoma 5. Akaigeuza. Ikasoma 190.

“Kitabu kimesema ni sawa,” fundi alisema.

“Sawa kwa nani?”

Mzee aliendelea kwa upole, maana aliona mwenzake ameumia. Alimwambia kwamba hata miguu ikilingana hajamaliza. Akamtajia 2N3055, ile transista nene ya chuma inayojulikana na kila fundi wa amplifaya. RCA iliitengeneza kwanza kwa mbinu iliyoifanya iwe ya polepole na ngumu kuua. Masafa yake hayakufika mbali zaidi ya megahezi moja hivi. Baadaye viwanda vikahamia mbinu nyingine, ya tabaka la epitaksia, na kasi ikapanda hadi megahezi 2.5 na zaidi. Namba haikubadilika, kwa sababu usajili hutaja viwango vya chini vinavyopaswa kufikiwa, na transista yenye kasi zaidi imevifikia. Lakini amplifaya iliyobuniwa kwa ile ya polepole ilikuwa inategemea upole huo bila mtu kuuandika popote. Ukiiwekea ile ya kasi, inaweza kuanza kujitetemesha kwa masafa ambayo sikio halisikii, ikachemka na kuungua huku fundi akisema vipuri vya siku hizi ni vibovu.

Kijana, aliyekuwa amesimama nyuma, aliuliza kuhusu dayodi. Mzee akamjibu kwamba huko ni hivyo hivyo. UF4007 na 1N4007 zote ni volti 1,000 na ampea 1, na kwenye karatasi nyingi za mbadala zimekaa pamoja. Ya kwanza hufunga mlango kwa nanosekunde 75 hivi. Ya pili ilizaliwa kwa umeme wa ukutani wa hezi 50 na huchukua muda mrefu mara nyingi zaidi ya huo. Kwenye pawa saplai inayozima na kuwasha mara elfu hamsini kwa sekunde, 1N4007 hubaki wazi wakati inapaswa kuwa imefunga, na hugeuka jiko.

“Basi heri nisingenunua lile sanduku,” fundi alisema. “Ningeagiza mpya kwa namba kamili, kwenye intaneti, yangeisha.”

Mzee alitikisa kichwa. Alimweleza kuhusu GAO, ofisi inayokagua matumizi ya serikali ya Marekani. Mwaka 2012 ilitoa ripoti ya jaribio lake: ilijifanya kampuni, ikanunua kupitia masoko ya intaneti vipande 16 vya elektroniki za aina zinazotumika kwenye silaha. Namba saba zilikuwa za vifaa adimu au vilivyoacha kutengenezwa. Tano ziliagizwa na tarehe za kuzalishwa za baada ya kiwanda kuacha kabisa kuvizalisha. Nne zilikuwa namba za uongo, zilizotungwa ofisini, zisizokuwa za kifaa chochote duniani. Wauzaji walileta vyote 16. Hata vile vinne ambavyo havikuwahi kuwepo vilifika, vimechapwa namba ile ile iliyoombwa. Vile 12 vyenye namba za kweli vilipopimwa, vyote vilishukiwa kuwa bandia. Mwaka huo huo Kamati ya Majeshi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti yake yenye kesi zipatazo 1,800 za vipuri vinavyoshukiwa kuwa bandia, jumla vipande zaidi ya milioni moja, vingi vikifuatiliwa hadi China, ambako aisii huchomolewa kwenye bodi zilizotupwa, hukwanguliwa maandishi na kuchapwa jina jipya.

“Ukimpa muuzaji namba tu,” mzee alisema, “mwenye nia mbaya atakuchapia namba. Hizi zako za sandukuni ni za kweli. Nimezipima. Hazina kosa lolote.”

Wakarudi kibandani wote watatu. Fundi aliyeyusha risasi, akaichomoa transista iliyokuwa imegeuzwa na kuitupa, kwa sababu kiungo cha emita kikishavunjwa kwa volti za kinyume kwa muda, ukuzaji hushuka na haurudi. Akachukua nyingine kutoka mfuko ule ule. Besi iko katikati kwa zote mbili, kwa hiyo kazi ilikuwa kuigeuza tu, uso bapa utazame upande wa pili. Safari hii hakutafuta chaja ya simu. Alifunga rilei yenyewe kwenye betri ya volti 12 iliyounganishwa na chaja yake, mita ikisoma 13.8, akatoa amri, akaondoa amri, na wakasikiliza sauti mbili kila mara: ya kushika na ya kuachia. Aliiacha ikifanya hivyo mchana kutwa, bodi ikiwa imepashwa moto kwa taa, kwani transista hubadilika na joto.

Kadi hiyo hakuituma kwa mpanda pikipiki. Alikwenda nayo mwenyewe hadi wilayani kwa fundi wa mnyororo baridi, akamweleza kilichotokea kuanzia mwanzo, pamoja na namba zote mbili. Yule wa wilaya aliichukua, akasema ataifunga na kuacha jokofu liende siku kadhaa likiwa na chupa za maji na kipimajoto chenye kumbukumbu, na kichupa cha chanjo hakitaingia mpaka asome kumbukumbu hizo.

Daftari la mbadala lilianza kuandikwa upya wiki ile. Mwandiko sasa ni wa kijana, na kila kifaa kimepewa ukurasa nusu: mchoro wa miguu kwanza, kisha kiwanda, kisha volti za kila kiungo pamoja na zile za kinyume, kasi, ukuzaji uliopimwa kwa mkono, na sanduku kilikotoka. Safu ya mbadala iko mwisho kabisa, na katika kurasa nyingi bado haijajazwa.